Bei Huzaliwa Njiani: Ushuru, Foleni za Mpakani na Mfuko wa Mlaji

Mazungumzo kwa walaji na wafanyabiashara wadogo wa Namanga



Tumeombwa tuzungumze kuhusu ushuru na mipaka. Wengi wakisikia maneno hayo hudhani ni mambo ya wakubwa wenye makontena bandarini, yasiyomhusu mama anayenunua kilo mbili za sembe jioni. Nia yetu leo ni kuonyesha kwamba yanamhusu yeye kuliko mtu mwingine yeyote, kwa kuwa yeye ndiye wa mwisho katika mnyororo wa ugavi, na wa mwisho hana wa kumsukumia gharama.

Swali tunaloulizwa mara nyingi kuliko yote ni hili: mbona mavuno yalikuwa mazuri, lakini bei ya unga imepanda? Anayeuliza ana haki ya kushangaa. Amefundishwa kwamba bei huzaliwa shambani: mvua ikinyesha bei hushuka, jua likiwaka bei hupanda. Hilo ni kweli, lakini ni nusu tu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba bei huzaliwa njiani. Gunia la mahindi linalotoka soko la Kibaigwa mkoani Dodoma, likapita Arusha na Namanga hadi kinu cha Nairobi, hubeba gharama ya kila mkono uliolishika na kila saa liliyokaa bila kusogea. Ndivyo ilivyo pia kwa vitunguu vya Mang'ola, kwa machungwa ya Muheza, na kwa sabuni na vipuri vinavyotoka upande wa pili kuja kwetu.

Ushuru hulipwa na nani?

Tuanze na ushuru wa forodha wenyewe. Ushuru ni kodi inayotozwa bidhaa inapoingia kutoka nje. Serikali huutoza kwa sababu mbili: kupata mapato, na kulinda wazalishaji wa ndani. Sababu zote mbili ni halali, nasi hatukuja hapa kuzilaumu. Tumekuja kueleza ushuru unavyotembea hadi kwenye kikapu cha mlaji.

Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilitia saini Itifaki ya Umoja wa Forodha tarehe 2 Machi 2004, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2005. Kwa itifaki hiyo zilikubaliana kutumia viwango vya pamoja vya ushuru kwa bidhaa zitokazo nje ya Jumuiya. Tangu Julai 2022 viwango hivyo vina ngazi nne. Malighafi na mitambo hutozwa asilimia 0. Bidhaa za kati, yaani zile ambazo kiwanda kitaziendeleza, hutozwa asilimia 10 au 25, kutegemea kama zinapatikana ndani ya Jumuiya. Bidhaa zilizokamilika ambazo viwanda vyetu vinaweza kuzitengeneza hutozwa asilimia 35. Juu ya ngazi hizo zipo bidhaa nyeti zilizowekewa ulinzi mkubwa zaidi: mahindi asilimia 50, mchele asilimia 75, na sukari asilimia 100.

Sasa tufanye hesabu ndogo. Hizi ni namba za mfano tu. Tuseme jiko la gesi limenunuliwa ng'ambo, na thamani yake pamoja na bima na nauli hadi bandari ya Dar es Salaam ni shilingi 100,000. Tuseme linatozwa ushuru wa asilimia 25, yaani shilingi 25,000. Muuzaji anaweka faida ya asilimia 20 juu ya gharama yake ya shilingi 125,000, na bei inakuwa 150,000. Juu ya hiyo huja Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo Tanzania Bara ni asilimia 18, na mlaji analipa shilingi 177,000. Kama ushuru usingekuwapo, hesabu ileile ingeleta shilingi 141,600. Tofauti ni shilingi 35,400. Ushuru uliolipwa forodhani ulikuwa 25,000. Mlaji amelipa 35,400, kwa sababu faida na kodi nyingine zimepanda juu ya mgongo wa ushuru. Tena hapo hatujahesabu tozo ndogondogo za bandarini wala nauli ya ndani.

Hili ndilo somo la kwanza. Aliyeandika hundi ya ushuru ni mwagizaji. Aliyeulipa kwa kweli ni mlaji, naye hulipa na ziada.

Somo la pili linahusu ushuru wa malighafi. Ngano imewekewa kiwango cha asilimia 35, lakini kwa miaka mingi Kenya na Tanzania zimeomba na kuruhusiwa kutoza asilimia 10, kwa kuwa ngano ya ndani haitoshelezi vinu. Ruhusa za namna hii hutolewa kwa kipindi maalumu, kwa kawaida mwaka mmoja wa fedha, kisha huombwa upya. Maana yake ni kwamba bei ya mkate mnaokula asubuhi hutegemea pia uamuzi unaopitiwa upya kila mwaka. Mwenye kinu asiyejua mwakani atatozwa asilimia ngapi huogopa kuagiza mapema, na hofu yake nayo ina bei.

Ndani ya Jumuiya hakuna ushuru, lakini kuna ushahidi

Mtatuuliza: je, mahindi yetu yakienda Kenya, au sabuni ya Kenya ikija Arusha, hutozwa ushuru huo? Jibu ni hapana, kwa sharti moja: ithibitike kwamba bidhaa hiyo imezalishwa ndani ya Jumuiya. Uthibitisho huo huitwa cheti cha uasili wa bidhaa.

Baadhi yenu huona cheti hiki kuwa usumbufu wa makarani. Tutaeleza kwa nini kipo, kwa mfano wa mchele. Kiwango cha pamoja cha mchele kutoka nje ni asilimia 75, lakini Kenya kwa miaka mingi imeruhusiwa kutoza asilimia 35, kwa sababu inakula mchele mwingi kuliko inaoulima. Basi mchele uleule wa Asia huingia nchi mbili jirani kwa ushuru tofauti. Mjanja hahitaji kuambiwa mara mbili: atauingiza kule ulikotozwa kidogo, ataubadilisha gunia, kisha atauvusha mpaka kwa jina la mchele wa mkulima wa hapa. Ofisa wa forodha akikutana na hila hiyo mara kadhaa huanza kuutilia shaka kila mchele, hata ule uliovunwa Mbeya au Kahama na mkulima ambaye hajapata kuiona bahari. Hivyo uwongo wa mmoja hulipwa na waaminifu wote, kwa foleni na kwa ukaguzi. Cheti cha uasili ndicho kinachomtenga mwaminifu na mjanja, na mwaminifu asikione kuwa adui.

Foleni nayo ni ushuru

Tumesema ushuru ni kodi iliyoandikwa katika sheria na kiwango chake hujulikana. Kuna gharama nyingine ambayo haikuandikwa popote. Wataalamu huiita vikwazo visivyo vya kiushuru: lori kusimamishwa mara nyingi njiani, mizani inayopima upya mzigo uliokwisha kupimwa, cheti kinachodaiwa leo na ambacho jana hakikudaiwa, maabara iliyo mbali, ofisi mbili zinazokagua kitu kimoja.

Turudi kwenye hesabu, nayo pia ni ya mfano. Lori limebeba magunia 300 ya mahindi, kila moja kilo 100. Likisimama mpakani siku tatu, tuseme posho ya dereva, maegesho, na kodi ya lori lisilofanya kazi ni shilingi 300,000 kwa siku. Hizo ni 900,000, yaani shilingi 3,000 kwa kila gunia, au shilingi 30 kwa kilo. Mahindi huvumilia, na mlaji ataongezewa shilingi 30.

Sasa badala ya mahindi tuweke nyanya. Mama mmoja amekusanya masanduku 100, na kila sanduku pamoja na nauli limemgharimu shilingi 40,000. Amewekeza shilingi milioni 4. Amefika mpakani jioni, amekosa karatasi moja, amelala hapo, na jua la siku ya pili limemkuta bado yupo. Masanduku 20 yameharibika. Ili arudishe fedha yake tu, bila faida hata ya senti, kila sanduku katika yale 80 yaliyobaki lazima liuzwe shilingi 50,000. Bei imepanda kwa asilimia 25.

Ndugu zetu, tazameni namba hiyo. Asilimia 25 ni sawa na ngazi ya tatu ya ushuru wa forodha. Foleni ya siku mbili imetoza nyanya za Afrika Mashariki ushuru uleule unaotozwa bidhaa kutoka ng'ambo. Tofauti ni kwamba ushuru wa ng'ambo huingia hazina, ukajenga barabara na kulipa walimu. Ushuru wa foleni hauingii hazina yoyote. Umeoza pamoja na nyanya.

Ndiyo sababu zilijengwa ofisi hizi mnazoziona. Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani cha Namanga kilifunguliwa rasmi na marais wa Tanzania na Kenya tarehe 1 Desemba 2018. Maana ya kituo cha namna hii ni rahisi: zamani mzigo ulikaguliwa kutoka nchi moja, kisha ukakaguliwa tena kuingia nchi ya pili, sasa maofisa wa nchi zote mbili hukaa chini ya paa moja, na mzigo husimama mara moja tu, upande wa nchi unayoingia. Ni hatua kubwa. Lakini paa moja peke yake haliondoi foleni ikiwa mtandao wa kompyuta umekatika, au ikiwa mwenye mzigo amefika bila hati. Mwaka 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, madereva walisubiri majibu ya vipimo vya afya mpakani na foleni za malori zikanyooka, huku majengo yakiwa yaleyale. Tulijifunza kwamba mpaka ni watu na taratibu zao kabla ya kuwa jengo.

Machi 2021: mpaka ulipofungwa kwa gunia la mahindi

Hatutakuwa tumesema kweli tukiishia kuulaumu mpaka. Zipo sababu njema za kukagua, na iliyo kubwa kuliko zote ni uhai wa mlaji.

Mapema Machi 2021 mamlaka za Kenya zilitangaza kusimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda, kwa maelezo kwamba vipimo vilionyesha kiwango cha sumukuvu kilichozidi usalama. Malori yalikwama. Wakulima na madalali waliokwisha kulipa nauli wakabaki na mzigo barabarani. Siku chache baadaye zuio hilo liliondolewa kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, mzigo uwe na cheti cha kuonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 katika sehemu bilioni, na uwe na cheti cha uasili.

Wengi kwetu waliliona jambo hilo kuwa uonevu wa kibiashara. Sisi tunaohudumia walaji tunawaomba mlitazame kwa macho mawili. Kwa jicho la kwanza, ni kweli kwamba kusimamisha ghafla biashara ya nchi nzima, bila muda wa kujiandaa, humwumiza aliyekausha mahindi yake vizuri sawasawa na aliyeyavuna yakiwa mabichi. Aliyesimamishwa hakupimwa gunia lake. Alipimwa utaifa wake. Hilo si haki, na taratibu za Jumuiya zinadai mashauriano kabla ya hatua kama hizo.

Kwa jicho la pili, sumukuvu si hadithi. Mwaka 2004, katika wilaya za mashariki ya Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo na 125 kati yao wakafariki. Mwaka 2016 sumu hiyohiyo iliua watu hapa kwetu, katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumukuvu hutokana na kuvu wanaoota kwenye nafaka isiyokauka vizuri au iliyohifadhiwa penye unyevu. Haiishi kwa kupikwa, na mara nyingi haina ladha wala harufu ya kumwonya mlaji. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi huharibu ini na kuleta saratani.

Basi mlaji asimwombe mkaguzi aondoke njiani. Amwombe akague upesi, akague kwa kipimo kilichokubaliwa, na akague gunia badala ya pasipoti. Dawa ya zuio la ghafla ni maabara iliyo karibu, cheti kinachotambuliwa pande zote mbili, na mkulima aliyefundishwa kuanika juu ya turubai na kuhifadhi juu ya vichanja. Jumuiya ina sheria ya viwango na upimaji tangu 2006, na msingi wake ni kwamba bidhaa iliyothibitishwa na shirika la viwango la nchi mwanachama, kama TBS kwetu, inakubalika kwa nchi nyingine bila kupimwa upya. Kila mara msingi huo unapopuuzwa, mlaji hulipia kipimo kilekile mara mbili.

Mlango hufungwa kutoka pande zote mbili

Tusidhani pia kwamba daima jirani ndiye mwenye kufunga. Mwaka 2017 Tanzania ilizuia mahindi kupelekwa nje bila kibali, kwa nia ya kulinda akiba ya chakula. Mlaji wa mjini alipata nafuu kwa muda. Lakini mkulima wa nyanda za juu kusini aliyevuna vizuri alikosa soko, na mkulima asiyeuza kwa faida mwaka huu hupunguza shamba mwakani. Bei nafuu ya leo inaweza kuwa uhaba wa kesho.

Aprili 2025 ilitupa mfano mwingine. Malawi ilikuwa imezuia baadhi ya bidhaa kutoka nje, zikiwamo unga, mchele, tangawizi na ndizi, na Afrika Kusini ilikuwa haipokei ndizi zetu kwa miaka kadhaa. Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya kilimo kutoka nchi hizo mbili, kisha baada ya siku chache na mazungumzo zuio la Tanzania likaondolewa. Tunataja jambo hilo kwa sababu moja. Malawi haina bahari, na sehemu ya mizigo yake hupita bandari ya Dar es Salaam. Mataifa yaliyofungamana hivyo hayawezi kuumizana upande mmoja tu. Anayefunga mlango huzuia wa nje asiingie na wa ndani asitoke.

Mfanyabiashara mdogo afanye nini?

Sasa tugeukie ninyi mnaovuka na vikapu, na mikokoteni, na bodaboda. Wengi wenu ni akina mama, na wengi hupita njia za panya kwa kuamini kwamba njia halali ni ya matajiri. Si kweli. Upo Utaratibu Rahisi wa Biashara wa Jumuiya, uliotungwa kwa ajili yenu. Zingatieni mambo yafuatayo.

Kwanza, kama thamani ya mzigo wenu haizidi dola za Marekani 2,000, na bidhaa imezalishwa ndani ya Jumuiya na imo katika orodha iliyokubaliwa, mnaweza kupata cheti rahisi cha uasili palepale mpakani na mkavusha mzigo bila ushuru wa forodha. Hamlazimiki kumtumia wakala.

Pili, cheti hicho hutolewa bila malipo. Anayedai fedha kwa ajili ya cheti anadai kisicho chake. Tanzania, taarifa za rushwa hupokewa na TAKUKURU kwa namba 113, na kupiga ni bure.

Tatu, kusamehewa ushuru si kusamehewa kila kitu. Mazao huhitaji cheti cha afya ya mimea, mifugo na nyama huhitaji kibali cha mifugo, na baadhi ya bidhaa bado hutozwa kodi za ndani. Ulizeni kabla hamjanunua mzigo, si baada ya kuupakia.

Nne, ombeni stakabadhi ya kila malipo, nanyi mwandike katika daftari tarehe, ofisi, kiasi na muda mliosubiri. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Malalamiko bila daftari nayo hupotea vivyo hivyo. Jumuiya ya Afrika Mashariki, pamoja na COMESA na SADC, zina mfumo wa mtandaoni wa kupokea taarifa za vikwazo visivyo vya kiushuru. Taarifa yenye tarehe na mahali hufuatiliwa, lakini manung'uniko ya kijiweni hayafiki popote.

Tano, kuhusu njia za panya. Anayepita huko hukwepa ushuru ambao pengine hakutakiwa kuulipa, akajitia katika hatari ya kunyang'anywa mzigo wote. Akiibiwa hana pa kushitaki. Akidhulumiwa na mnunuzi hana karatasi. Unafuu wa namna hiyo una gharama iliyofichwa.

Na mlaji je?

Kwako mlaji tuna maneno manne ya kumalizia.

Usikubali kila bei iletwe kwako kwa jina la mpaka. Mpaka unapofungwa Jumatatu, unga ulio dukani Jumanne uliingia wiki iliyopita, kwa gharama ya wiki iliyopita. Sisi hatupangi bei. Katika soko huria muuzaji ana uhuru wa kuweka bei yake. Lakini hana uhuru wa kukueleza uwongo kuhusu sababu ya bei hiyo, wala wauzaji hawana uhuru wa kukaa pamoja wakapanga bei moja. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza udanganyifu na inakataza njama za namna hiyo. Ukiyaona hayo, toa taarifa.

Dai risiti, na utazame kipimo. Gharama za njiani zinapopanda, wapo wanaoacha bei vilevile wakapunguza ujazo. Mfuko wa kilo mbili na uwe kilo mbili. Nanyi mnaonunua kwa wakulima, achaneni na lumbesa: gunia lililovimba kupita kilo 100 ni kumdhulumu mkulima, na likifika mizani ya barabarani hugeuka faini na ucheleweshaji ambao mlaji ndiye ataulipia.

Soma kifungashio. Tafuta jina la mzalishaji, mahali ilipozalishwa, tarehe ya mwisho wa matumizi na alama ya ubora. Unga usio na jina, unaouzwa bei ya chini mno karibu na mpaka, huenda ulipita mahali ambapo hakuna aliyeupima sumukuvu. Wahenga walisema rahisi inavunja upishi. Katika nafaka rahisi huweza kuvunja zaidi ya upishi.

Mwisho, jueni kwamba sauti yenu ina nafasi. Wakulima wana vyama vyao, wenye viwanda wana mashirikisho yao, na kila mwaka kabla ya bajeti huomba ushuru upandishwe huku au ushushwe kule. Mlaji mara nyingi hayupo katika kikao hicho, ingawa yeye ndiye atakayelipa matokeo yake. Kila lalamiko mnalotuletea, lenye risiti na tarehe, ni kiti mnachojiwekea katika kikao hicho. Tukisimama mbele ya watunga sera kusema kwamba foleni ya siku mbili imepandisha nyanya kwa robo ya bei, watatuuliza ushahidi. Ushahidi huo hauko ofisini kwetu. Uko katika madaftari yenu na vikapuni mwenu.

Leo jioni mtakaporudi sokoni, tunawaomba jambo moja dogo. Mnapoambiwa bei imepanda, ulizeni kwa upole: imepandia wapi? Shambani, njiani, forodhani au hapa dukani? Muuzaji mwaminifu atakuwa na jibu. Asiye na jibu, njooni tumwulize pamoja.